Wasomaji Wauliza: Mikoko, Matete na Mboga Pwani za Mahori ya Dar

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mimea inayosimama horini, pale maji ya chumvi ya bahari yanapokutana na maji baridi ya mito na mvua. Tumeitanguliza barua ya Mbweni, maana kosa lililofanyika kule linarudiwa pwani nzima na linakula nguvu za watu wenye nia njema.

Mbegu 2,000, zimebaki chini ya 60

*Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana na akina mama wa Mbweni. Mwezi wa tatu tulipanda mbegu za mkoko 2,000 kwenye tope tupu mbele ya miti, upande wa bahari, nusu mita kutoka mbegu hadi mbegu. Kufika mwezi wa nane zimebaki zisizofika 60, nazo zimejaa vikombe vidogo vyeupe vyenye makali. Tumekosea wapi? Msimu ujao tunataka kurudia.*

Ndugu zetu wa Mbweni, poleni kwa kazi. Mbegu zenu hazikuwa na kasoro. Tatizo ni uwanja. Tope lile halikuwa tupu kwa kukosa mpandaji. Kila mwaka mbegu za mkoko hudondoka zenyewe kwa maelfu, maji yanazipitisha hapohapo, na hakuna inayoshika. Eneo likiwa hivyo kwa miaka, ujue mti hauliwezi.

Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni mita 3 na kitu. Wakati wa maji mafu, yale madogo ya siku za nusu mwezi, hushuka hadi karibu mita 1. Mikoko ya aina zote huishi nusu ya juu tu ya mwendo huo, kuanzia usawa wa kati wa bahari kwenda juu. Chini ya hapo mche unafunikwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia, mawimbi yanautikisa kabla mizizi haijashika, na ardhi yenyewe inahamahama. Vile vikombe vyeupe ni wanyama wa baharini wanaohitaji kulowa kwa saa nyingi. Vikiganda juu ya mche hadi karibu na majani, vinawaambia kwamba mche unakaa ndani ya maji kupita kiasi. Pia vinaulemea na kuziba vitundu vyake vya kupumulia.

La pili ni aina ya mti. Ukingo wa bahari ni makao ya mlilana, na mahali pengine mchu. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya mikongojo ambao vitabu huuita Rhizophora mucronata, hupenda kingo za mkondo ndani ya hori, penye tope laini na maji yaliyotulia. Vikundi huuchagua kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaokoteka kirahisi na inachomekwa kwa mkono mmoja. Urahisi huo ndio unaozipeleka mbegu nyingi mahali pasipo pake.

Kabla ya kuokota hata mbegu moja, pimeni urefu wa ardhi. Hamhitaji mtaalamu wa vipimo. Tafuteni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi ujenzi wanaopimia levo, wa mita 20 au 30. Tafuteni kwenye hori hilohilo mahali penye miche ya mkoko iliyoota yenyewe na kustawi. Chomekeni mti ulionyooka hapo, mwingine kwenye uwanja mnaotaka kupanda, jazeni mpira maji bila povu ndani, na mlinganishe kimo cha maji kutoka ardhini kwenye miti yote miwili. Kama uwanja ni mbali, endeni kwa hatua, mti hadi mti. Ardhi yenu isizidi wala isipungue sentimita 10 kutoka ile ya miche ya asili. Ikiwa chini kwa sentimita 40, msipande, tafuteni pengine. Hatujui kipimo chenye faida kubwa kuliko hiki, na kazi yake ni ya asubuhi moja.

Mkipata uwanja, mbegu za mkoko ziokotwe zilizodondoka karibuni, au zivunwe zile zenye pete ya manjano pale tunda linapoungana na kijiti. Mbegu ya kijani isiyo na pete bado ni changa, hata ikiwa na urefu wa nusu mita. Tazameni vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano vyenye unga pembeni: ndani kuna mdudu mtobozi, itupeni. Zilizo nzima zilazeni kivulini, zimefunikwa majani mabichi, kwa siku kama 7. Ganda linapoteza ubichi na kaa hawalipendi sana. Chomekeni ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ya urefu tu. Tunasisitiza hili kwa sababu wako wanaozika nusu au zaidi ili mbegu isimame imara, kisha inaoza. Nafasi iwe mita 1, yaani mbegu 10,000 kwa hekta. Pandeni mara baada ya bamvua kupita, ili mbegu zipate siku kadhaa za maji mafu kabla ya nguvu kurudi.

Na kama uwanja ni mahali palipokuwa na miti ikakatwa, huku maji bado yanaingia na kutoka vizuri, ngojeni kwanza msimu mmoja. Mara nyingi hori litajipanda lenyewe, kwa aina nyingi zaidi ya moja.

Kwa nini mchu uko mbele na nyuma pia?

*Shikamooni. Ninafundisha sekondari Kunduchi. Wanafunzi wangu wameona mimea ya hori imejipanga kwa mikanda kutoka baharini kwenda nchi kavu. Lakini mchu wameukuta mkanda wa mbele kabisa, ukapotea katikati, kisha ukaibuka tena nyuma ukiwa mfupi. Vitabu vinasema kila mti una mkanda wake. Nani amekosea?*

Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi wako wameona sawasawa.

Kinachopanga mikanda ni idadi ya mara ambazo maji yanaifikia ardhi. Kwa mwezi mmoja maji hujaa mara 58 hivi. Mwaka 1928 J. G. Watson, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Malaya, aliipanga ardhi ya mikoko kwa hesabu hiyo: sehemu inayofikiwa na takriban kila maji yanayojaa, inayofikiwa na mengi, inayofikiwa na ya kawaida, na zile zinazofikiwa na bamvua tu. Kwa pwani yetu mpangilio hufanana na huu. Mlilana hutangulia mbele, na mahali pengine mchu. Mkoko hufuata, hasa kandokando ya mkondo. Msinzi hukaa ndani, wenye mizizi inayopinda juu kama magoti, na mkandaa hushika ardhi ngumu zaidi inayolowa mara chache. Nyuma yao hurudi mchu, pamoja na kikandaa wenye maua madogo meupe.

Mchu unawezaje kukaa ncha zote mbili? Kwa sababu ya namna unavyokabili chumvi. Mkoko huchuja karibu chumvi yote kwenye mizizi, haiingii mtini. Mchu huiruhusu kiasi iingie, kisha huitoa kwa tezi ndogo za majani. Asubuhi ya kiangazi wapelekeni wanafunzi wautazame kwa karibu: jani la mchu litakuwa na chembe nyeupe juu yake, na ukiligusa kwa ulimi ni chumvi tupu. Jani la mkoko jirani yake halina kitu. Kwa hiyo nyuma kabisa, ambako maji huja kwa bamvua tu na jua linabakiza chumvi, mchu hukaa pale wengine wanaposhindwa, ingawa hudumaa ukawa wa kimo cha mtoto. Mbele unakaa kwa sababu mizizi yake ya kupumulia, ile inayochomoza kama penseli, huuwezesha kuishi kwenye ardhi inayolowa mno. Katikati haufukuzwi na chumvi wala na maji. Unafukuzwa na kivuli. Mche wa mchu unataka jua. Mche wa msinzi hata wa mkoko unaweza kusubiri chini ya miti mikubwa.

Kwa somo la vitendo, nyosheni kamba ya mita 100 kutoka ukingo wa mkondo hadi kwenye nchi kavu wakati wa maji kupwa. Kila mita 5 andikeni jina la mti, aina ya mizizi na kama kuna kaa au tondo juu ya tope. Rudieni mstari uleule maji yakijaa, na mwandike saa ambayo maji yaligusa kila alama. Mkilinganisha orodha hizo mbili, mikanda itajieleza yenyewe.

Matete yanaua mikoko?

*Ndugu Mhariri, ninakaa Upanga. Nikipita upande wa daraja la Selander naona mikoko, lakini kadiri bonde la Msimbazi linavyopanda juu naona matete na majani mengine marefu yakizidi. Majirani wanasema matete ni mgeni mbaya, yachomwe moto kabla hayajamaliza mikoko. Ni kweli?*

Matete ya kwetu, Phragmites mauritianus, ni mimea ya asili ya Afrika. Yana haki ya kuwapo bondeni kama mikoko ilivyo na haki horini. Ukifuata hori lolote lenye mto kutoka mdomoni kwenda juu, utapita kwa zamu: kwanza mikoko ya chumvi, kisha mkomafi wenye tunda duara kubwa kama mpira na mizizi bapa inayojipindapinda kama nyoka juu ya tope, kisha msikundazi, ambao jani lake chini linang'aa kama fedha na mbegu yake ina mgongo kama mashua. Hapo chumvi imepungua. Unaingia kwenye feni kubwa ya pwani (mmea ambao Waingereza huuita fern), Acrostichum aureum, yenye majani ya mita 2 na zaidi, ambayo baadhi yana unga wa kahawia nyuma. Pembeni kuna mtakawa. Ndipo yanapokuja matete, na juu zaidi, maji yakiwa baridi kabisa, mafunjo na mtomondo.

Mipaka hiyo husogea. Masika maji ya mto yanaisukuma chumvi kuelekea baharini. Kiangazi chumvi hupanda. Mimea inayodumu miaka mingi hushika wastani. Matete yakianza kushuka kwenye eneo la mikoko, kuna jambo lililobadilika ardhini kabla yao: mchanga na takataka zimeinua ardhi, au kuna tuta linazuia maji ya bahari, au majitaka yanaongeza maji baridi na mbolea kwa pamoja. Kwa mto unaopita katikati ya jiji kama Msimbazi, yote matatu huweza kutokea kwa wakati mmoja. Matete hayamwui mkoko mkubwa. Yanachofanya ni kuziba mwanga, hivyo mti mzee ukifa hakuna mche wa kuurithi.

Moto msiutie. Shina la matete linalotambaa chini ya ardhi haliguswi na moto wa juu. Litachipua kwa nguvu baada ya wiki chache. Mchu wa jirani una ganda jembamba, ndio utakaokufa.

Kinachofaa ni kuanza na maji: ondoeni kifusi kinachoziba mkondo wa pembeni ili maji ya bamvua yapande tena. Kisha mwishoni mwa kiangazi, siku mbili kabla ya bamvua, kateni matete chini kabisa, mashina yabaki chini ya usawa ambao maji yatafika. Matete hupeleka hewa mizizini kupitia shina lenye uwazi, na ukilikata likafunikwa na maji ya chumvi, mzizi unakosa pumzi. Rudieni kila yanapochipua kufika gotini, mara tatu kwa msimu. Mkikata wakati wa masika, maji ni baridi, na mtakuwa mmeyapogoa tu yazidi kunawiri.

Kuna jambo moja zaidi la kuzingatia. Matete yanashika mchanga na taka za mto kabla hazijafika kwenye mizizi ya mikoko. Yaliyo juu ya mpaka wake yaacheni. Msikate mkanda wote kwa hasira.

Na mkiona feni imetanda peke yake katikati ya msitu wa mikoko, chunguzeni chini yake. Mara nyingi mtakuta visiki. Feni huingia palipokatwa miti, nayo hubana kiasi kwamba mbegu inayoelea haigusi tope. Hapo inafaa kufyekwa kwa panga vipande vya mita 2 kwa 2, na katikati ya kila kipande pawekwe mche uliokuzwa kitaluni, wenye kimo cha nusu mita angalau.

Mchu unakauka baada ya kifusi

*Ndugu wataalamu, habari za kazi. Nyuma ya nyumba yetu Kigamboni kuna michu mikubwa pembezoni mwa hori. Mwaka jana jirani alimwaga kifusi kutengeneza njia ya gari, akaweka kalvati moja. Sasa upande wa ndani maji hayatoki, na miti imeanza kupukutisha majani kuanzia juu. Imepata ugonjwa? Tupige dawa gani?*

Nzuri, ndugu yetu. Dawa usinunue, miti yako inakosa pumzi.

Tope la hori halina hewa. Ukichimba sentimita chache tu linakuwa jeusi na kunuka kama yai viza. Kwa hiyo mchu hutoa mizizi kwenda juu, ile penseli, yenye kimo cha sentimita 10 hadi 30, kila mmoja ukiwa na vitundu vinavyoingiza hewa maji yanapopwa. Mchu mmoja mkubwa una maelfu ya penseli hizo. Zikifukiwa na kifusi, au zikikaa chini ya maji usiku na mchana, mizizi ya chini inakufa, na dalili huanza kwenye ncha za matawi ya juu, kama ulivyoeleza.

Thibitisha hivi. Kata penseli moja upande wa ndani wa njia na nyingine upande wa nje. Iliyo hai ndani ni nyeupe au manjano hafifu, laini kama sifongo, na ganda halivuki. Iliyokufa ni nyeusi, inateleza, na ukiivuta kwa vidole viwili ganda linatoka lote na kubakiza uzi katikati. Jaribu penseli 20 sehemu mbalimbali. Nyingi zikiwa bado nyeupe, mti unaweza kurudi.

Kisha pima maji. Chomeka kijiti chenye alama kila upande na uandike usawa kila nusu saa, kuanzia maji yanapojaa hadi yanapopwa. Upande wa nje ukikauka huku wa ndani maji yakibaki kwa saa nyingi, kalvati ndilo mkosaji. Makosa yake ya kawaida ni mawili: ni jembamba, au limelazwa juu mno, mdomo wake ukiwa juu ya sakafu ya mkondo, kwa hiyo maji huingia wakati wa bamvua na yanayobaki chini ya mdomo hayana pa kutokea. Mdomo wa kalvati uwe chini ya sakafu ya mkondo wa asili kwa sentimita 10 au 20, ili tope lijae kidogo ndani na mkondo uendelee bila ngazi. Makalvati yawekwe kila mahali palipokuwa na kijito, hata kama ni kijito cha kurukwa na mtoto. Moja kubwa katikati halitoshi, kwa sababu maji ya hori hayatembei kama ya mtaro. Yanaingia kwa vidole vingi.

Kifusi kilichofunika penseli kiondolewe kwa koleo na mikono. Tingatinga lisiingie, litakandamiza tope na kuvunja mizizi iliyobaki. Rudisha ardhi kwenye usawa wake wa zamani. Ukichimba chini zaidi utatengeneza dimbwi jingine. Maji yakianza kutoka, chipukizi mpya huonekana kwenye shina na matawi manene. Matawi yaliyokauka usiyakate hadi msimu upite.

Kuhusu sheria, mzungumze na jirani mapema, kwa upole. Misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kukata bila kibali, hata kama kiwanja kina hati. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anzeni serikali ya mtaa, mkiwa na picha zenye tarehe na ile orodha ya vipimo vya maji. Vipimo hivyo vitasikilizwa kuliko malalamiko.

Mboga pwani ya horini

*Dada wa Mtoni Kijichi anauliza: mboga pwani inayotambaa horini inaliwa? Na nitaijuaje?*

Dada yetu, inaliwa. Sesuvium portulacastrum ina shina jekundu linalotambaa na kutoa mizizi kila kwenye kifundo, majani manene yenye maji, na maua madogo ya waridi yenye ncha tano. Isichanganywe na kile kichaka chenye mashina ya vipingili kama ushanga, kisicho na majani kabisa.

Chuma ncha laini tu. Osha, chemsha dakika 5 kwa maji mengi yasiyo na chumvi, mwaga, chemsha tena, mwaga, kamua. Ndipo uunge kwa nazi, na chumvi usiongeze kabla ya kuonja. Mwenye shinikizo la damu aile kwa nadra.

Lakini mahali pa kuchuma ni jambo zito kuliko mapishi. Mmea huu hunyonya yaliyomo ardhini, pamoja na madini mabaya ya viwandani. Usichume kwenye hori linalopokea majitaka, hata mboga ikinawiri namna gani. Kuchemsha huua vijidudu, madini hakuyaondoi yote.

Ardhi nyeupe nyuma ya mikoko

*Ndugu Mhariri, nina eneo Kunduchi karibu na mashamba ya chumvi. Nyuma ya mikoko kuna uwanja mweupe usiootesha kitu. Nataka kuupanda miti. Nianze na ipi?*

Anza na kupima chumvi, na huenda kipimo kikakwambia usipande kitu.

Wakati wa maji kupwa chimba shimo la sentimita 30. Maji ya kwanza yatakayojaa yateke uyamwage. Yatakayorudi chota lita 1, yachuje kwa kitambaa, uyachemshe hadi yakauke. Mwishoni punguza moto sana, chumvi hurukaruka na kuunguza. Pima uzito wa kilichobaki kwa mizani ya jikoni. Maji ya bahari ya kawaida huacha gramu 35. Ukipata chini ya 5, hapo ni pa matete. Kati ya 5 na 20 ni pa mkomafi, msikundazi, feni na mtakawa. Kuanzia 20 hadi 40 mikoko mingi hustawi. Kufika 60 utakuwa na mchu mfupi na mkandaa uliodumaa. Ukivuka 80 au 90, hata mchu unasalimu amri.

Chota sampuli tatu mahali tofauti, na urudie mwishoni mwa kiangazi na katikati ya masika. Tofauti ya misimu miwili ni kubwa, na mche hufa kwa siku mbaya zaidi ya mwaka, hata kama wastani ni mzuri.

Uwanja mweupe wa asili hutokea kwa sababu maji huufikia kwa bamvua kubwa tu, kisha jua hukausha wiki mbili mfululizo na chumvi kubaki. Hauna ugonjwa wa kutibiwa. Pembeni yake utakuta mboga pwani, nyasi fupi za chumvi na vichaka vya Suaeda, na wakati wa bamvua ndege wa pwani hupumzika hapo. Ukiuchimbia mitaro ili uote mikoko, utakuwa umeondoa makazi moja kuleta mengine. Tungekushauri uuache.

Ni tofauti kama uwanja huo ulikuwa msitu, ukageuzwa shamba la chumvi kisha ukatelekezwa. Hapo utaona matuta yaliyonyooka. Toboa matuta pale vijito vya zamani vilipopita, upana wa mita 3 hivi kila tundu, na chini pawe sawa na sakafu ya kijito. Maji ya kila siku yakiingia na kutoka yataosha chumvi. Pima tena baada ya masika mawili. Gramu zikishuka chini ya 50, anza na mchu: mbegu zake, zenye umbo la harage bapa, hudondoka kwa wingi kipindi cha masika. Ziloweke usiku kucha hadi ganda jembamba livuke lenyewe, zilaze juu ya tope ndani ya viriba, upande wa mzizi chini, bila kuzifukia. Kitalu kiwe mahali panapolowa kwa maji ya kawaida. Baada ya miezi 3 au 4, mche ukiwa na kimo cha sentimita 30, unahamishwa.

Kaa wanakata miche

*Kijana wa Ununio: miche yetu ya mkandaa inakatwa na kaa usiku. Tufanyeje bila sumu?*

Kijana wetu, vizuri umeikataa sumu. Kaa hao ndio wanaotoboa tope likapata hewa. Wanakata zaidi mahali penye kivuli na tope lenye mashimo mengi, kwa hiyo hesabu mashimo kabla ya kupanda: yakizidi 10 kwa mita moja ya mraba, tumia mche mkubwa badala ya mbegu, kwa sababu shina likishakuwa gumu kaa hulipita. Kwa mbegu zilizokwisha pandwa, chukua chupa ya maji ya lita 1 na nusu, kata chini na juu, ivishe juu ya mche na uikandamize sentimita 10 ndani ya tope. Toboa matundu manne pembeni maji yapite. Weka namba kwa rangi kwenye kila chupa na uandike daftarini. Majani manne yakitoka, chupa zote zitolewe na kuhesabiwa kwa namba zake. Ikikosekana moja, rudini kuitafuta siku hiyohiyo kabla maji hayajajaa.